Wimbo wa Kumgombeza Marehemu

Mke wangu alinyamaza kwa sababu yangu, na aliyemrudisha kwenye maneno ni mpangaji wetu wa chumba cha uani, msichana wa gitaa ambaye nilikuwa nimekwisha mwambia ahame. Nalisema hilo mwanzoni ili msomaji asije akangojea nifanye jambo la maana mapema. Nililifanya, lakini nilichelewa.

Kijana wetu wa mwisho alifariki mwaka juzi, mvua za vuli zilipokuwa zimekolea. Kazi yake ilikuwa kufuata mananasi kwa wakulima wa Kiwangwa na kuyapeleka Dar es Salaam. Asubuhi hiyo pikapu waliyopakia iliteleza kwenye tope kabla haijafika kwenye lami, ikapinduka na mzigo na watu. Dereva alivunjika mguu. Wa kwetu hakufika hospitali.

Tulimzika siku ileile baada ya swala ya alasiri. Wanaume tulikuwa nje barazani, wanawake wamejaa ukumbini juu ya mikeka. Nikaingia kumwita dada yangu atoe vikombe, na nilipofika mlangoni nikamsikia mke wangu akisema katikati ya wenzake, "Mbishi yule. Mbishi tangu tumboni. Nilimwambia jana, mvua hii..."

Sikumwacha amalize. Nilisema kwa sauti ambayo hata wa barazani waliisikia, "Mama, marehemu hatajwi ila kwa mema."

Wanawake waliinama. Mmoja akaitikia, "Kweli, baba." Mke wangu akafunga mdomo, akajivutia kanga usoni. Niliporudi nje, mzee mmoja alinishika bega akaniambia nimesimama kiume, nami nikafurahi. Siku ya kumzika mwanangu nilipata kitu cha kufurahia. Wala sikuwa nalinda dini peke yake. Niliona akiendelea hata maneno mawili zaidi nitalia mbele za watu, na mimi maisha yangu yote, tangu nilipokuwa karani wa ghala la korosho mpaka nastaafu, nimesifiwa kwa utulivu.

Tangu siku ile hakumtaja tena mtoto, kwa wema wala kwa ubaya. Hakuugua. Alipika, aliswali, aliitikia salamu. Lakini huyu alikuwa mwanamke wa kuzozana na muuza samaki mpaka muuza samaki acheke, wa kuongea na jirani kupitia ukuta wa uani, wa kuniuliza swali na kulijibu mwenyewe kabla sijafikiri. Sasa ikawa, "Chakula tayari." "Sukari imekwisha." "Alhamdulillahi." Binti zetu wawili, mmoja yuko Pangani na mwingine Dar es Salaam, wakipiga simu alisema hatujambo kisha ananipa mimi.

Nikawaambia watu ana subira. Nililisema msikitini, nikalisema barazani, na kila mara niliambiwa mashallah. Ilipita karibu mwaka ndipo nikaanza kuogopa. Alikonda mpaka kanga ikawa inamzunguka mara ya pili. Nilikuwa nikirudi kutoka swala nasimama kwenye ujia wa nyumba kwanza, nasikiliza kama kuna mtu ndani. Nilijiona nitamzika na yeye, na nitaambiwa tena nimesimama kiume.

Msichana wa gitaa alikuja wakati huo. Bagamoyo watu wa sanaa si wageni, vyumba vingi vya uani wanapanga wao, kwa hiyo sikushangaa kumwona na mfuko mweusi mgongoni. Alikuwa na miaka kama thelathini, mwenyeji wa Tanga, ana adabu zake. Aliniamkia shikamoo akangoja marahaba yangu iishe ndipo akasema shida yake. Akanieleza kwamba anatunga nyimbo na kuziimba mwenyewe, baadhi huziweka kwenye simu watu wasikilize, na jioni huimba kwenye hoteli za ufukweni.

"Nyimbo za namna gani?" nikamwuliza.

"Za kufiwa, baba."

"Kaswida?"

"Hapana, baba. Nilifiwa na dada yangu, ndipo nikaanza kutunga. Watu waliofiwa wanazipenda."

"Nyumba hii ina msiba wake tayari," nikamwambia. "Chumba nitakupa. Gitaa likapigwe hukohuko hotelini."

Alikubali, na alitimiza. Kila asubuhi alibeba mfuko wake akaenda kufanya mazoezi pwani, akarudi mchana kimya kimya. Hata Ramadhani ilipopita sikuwa na la kumlaumu. Kisha masika yakaanza, na masika ya mwaka huu hayakumpa mtu nafasi ya kwenda pwani na gitaa la mbao.

Siku moja nimetoka msikitini adhuhuri, mvua inanyesha, nikasikia nyuzi uani. Nikapita ujiani nimeshika kofia mkononi. Mlango wa mpangaji ulikuwa wazi, na mke wangu amekalia mbuzi ya kukunia nazi hapo kizingitini, nusu ya nazi mkononi, hakuni. Ndani msichana anaimba polepole:

*Mlango huu hukuufunga hata siku moja,*
*nikakuita mzembe, nikakuita mkaidi.*
*Leo naufunga mwenyewe kwa komeo,*
*najilaza, na wa kumgombeza sina.*

Nilivyomwona mke wangu vile, ameganda na nazi yake, nilielewa kwamba ameumizwa. Mama aliyefiwa anakaa kwake, anaimbiwa wimbo wa kumtukana maiti. Nilivuka ua kwenye mvua.

"Binti, tulikubaliana nini?"

Alilaza kiganja juu ya nyuzi. "Samahani, baba. Mvua ndiyo..."

"Sisemi mvua. Maiti anaitwa mzembe? Tena dada yako wa damu?"

"Alikuwa mzembe, baba," akasema, bila ubishi, kama mtu anayejibu ameulizwa dada yake alikuwa mrefu au mfupi.

"Basi mwezi ukiisha utafute pengine."

"Sawa, baba."

Nikageuka niondoke. Mke wangu hakuwa ameinuka pale kwenye mbuzi. Akasema, "Akihama huyu, na mimi nahama naye."

Sikumbuki lini mara ya mwisho alikuwa amesema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Nilikasirika, na palepale nikawa na furaha, na sikujua nishike lipi.

"Utahamia wapi?"

"Atakapokwenda. Nitambebea gitaa."

Akaanza kukuna ile nazi kwa nguvu, nyeupe ikawa inaruka nje ya sinia.

Chakula cha mchana alikiweka mbele yangu, na badala ya kwenda jikoni akakaa. Akanieleza kwamba msichana alikuja siku moja kuazima mbuzi hiyohiyo, mimi nikiwa barazani kwa wenzangu. Wakasalimiana, akampa pole ya msiba kama watu wote wanavyotoa. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

"Akaniambia, mama, marehemu alikuwa anakuudhi kwa kitu gani?"

Nikaacha kula.

"Ndivyo anavyoanza nyimbo zake," mke wangu akasema. "Haulizi mtu alikufaje, wala alikuwa mwema kiasi gani. Anasema wema wa marehemu wote unafanana. Wote walikuwa wakarimu, wote walipenda watu, ukitunga wimbo kwa wema utamfaa maiti yeyote. Kero ndiyo ya mtu mwenyewe."

"Na wewe ukamjibu?"

"Nilitaka kumpiga kwa kifuu. Halafu nikamjibu."

"Ukamwambia nini?"

Alinitazama. "Nikuambie wewe, unikataze?"

Nilimwuliza limeanza lini. Akasema kabla ya Ramadhani. Miezi yote hiyo, kila nikitoka kwenda msikitini au barazani, wao wawili huku uani wanazungumza, msichana anauliza, mke wangu anasimulia, mara wanacheka, mara wanalia. Wakisikia mlango wa mbele wanaacha. Mimi nilidhani mke wangu amepotewa na maneno, kumbe anayo, ila kimya kilikuwa kinaingia nyumbani pamoja na mimi.

Sikumaliza wali ule. Alasiri nilibaki msikitini baada ya watu kutawanyika, nikamwendea imamu, ambaye tumekua naye mtaa mmoja.

"Sheikh, mtu akisema marehemu alikuwa mbishi, amemsengenya?"

"Marehemu yupi?"

"Wa kwangu."

Akacheka ndani ya ndevu. "Mwanao? Ndugu yangu, mwanao alibishana na mimi hapahapa nilipokaa, kwamba saa ya msikiti iko nyuma. Akaleta na simu yake kunionyesha."

"Na ilikuwa nyuma?"

"Ilikuwa nyuma. Ndiyo maana iliniudhi."

Halafu akaacha kucheka, akaniambia lililokatazwa ni kufukua aibu za maiti na kumdhulumu asiyeweza kujitetea. Mama kusema mtoto wake alikuwa mbishi, hapo hakuna aliyedhulumiwa. "Anasema mwanangu alikuwa mbishi," akasema. "Wewe umesikia neno la mwisho tu. Nani alimkataza?"

"Mimi."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Alikunja miswala miwili iliyobaki sakafuni, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilirudi nyumbani nikaenda moja kwa moja uani, nikapiga hodi kwenye chumba ambacho ni changu mwenyewe. Msichana alikuwa anapanga nguo kwenye boksi.

"Karibu, baba. Nimepata chumba Kaole, usiwe na wasiwasi. Nitatoka kabla ya mwezi."

"Nimekuja kukuomba usihame."

Alisimama na blauzi mkononi. "Na gitaa?"

"Na gitaa."

"Na nyimbo?"

"Na nyimbo zako."

Sauti ya mke wangu ikatoka jikoni. "Na samahani je? Au ameimeza?"

"Na samahani," nikasema.

Msichana akatabasamu akitazama chini, akanisogezea kiti cha plastiki. "Nimekubali, baba. Lakini kaa kidogo. Mama amenipa upande wake wote. Wako sina."

Nililijua swali kabla halijaulizwa. Nikamwambia mimi mwanangu hakuniudhi.

"Hata kidogo?"

"Alikuwa mtoto mwema."

Mke wangu alikuwa ametoka mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi, amesimama. Sijamsahau alivyonitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayemtazama mwenzake akilikaribia shimo aliloangukia mara ya kwanza, naye ameamua safari hii hasemi.

"Kandambili," nikasema.

"Kandambili, baba?"

"Alikuwa anavaa zangu kwenda msikitini, anarudi amevaa za mtu mwingine. Mara kwa mara. Siku moja alirudi na mbili za mguu wa kushoto. Nikamwuliza, mtoto, huoni? Akanitazama akasema, baba, mbona zinatembea?"

Mke wangu alicheka. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kama chafya, halafu akashindwa kukizuia. "Na moja ilikuwa ya kike," akasema. "Ya kijani, ina ua hapa juu."

"Haikuwa na ua."

"Ilikuwa na ua, bwana. Ya mke wa muadhini. Niliirudisha mimi kwa mkono wangu, unaniambia nini?"

Akakaa kwenye kizingiti cha jikoni, mwiko bado mkononi, na bila kuulizwa na mtu akasema, "Mbishi yule. Mbishi tangu tumboni. Nilimwambia jana yake, mvua hii imekolea, njia ya Kiwangwa ni tope tupu, mananasi hayaozi kwa siku moja, ngoja. Akaniambia, mama, wewe umelima nanasi lini? Asubuhi akatoka hata chai hakumaliza. Ndilo neno lake la mwisho kwangu. Mama, umelima nanasi lini."

Ndiyo sentensi niliyoikata. Nilikuwa nimemfanya aibebe mwaka na zaidi, na haikuwa na ubaya wowote ndani yake. Mtoto alimtania mama yake kwa sababu walizoea kutaniana, kisha akaenda kazini. Mke wangu alilia kwa sauti, kilio cha siku ya kwanza, na mimi nikalia kwenye kile kiti cha plastiki mbele ya mpangaji wangu. Yeye hakugusa gitaa wala hakutupa pole. Alitoka akaanza kuanua nguo kambani, mbichi zote.

Wimbo haukuja upesi. Kwa wiki kadhaa msichana alikuwa anatokeza kichwa na swali dogo: alikuwa anapiga mswaki wapi, alikuwa anamwitaje paka, akishindwa ubishi alikuwa anafanyaje. Sisi wawili tulijibu kila mtu lake na tukabishana. Mimi nilisema akishindwa ananyamaza. Mke wangu akasema hakuwahi kushindwa, mimi ndiye nilikuwa nalala katikati ya ubishi nikadhani umekwisha. Binti yetu wa Pangani akapiga simu akakuta mama yake ana habari za kusimulia, akamsikiliza mpaka salio likakatika, kisha akanipigia mimi kuuliza nyumbani kuna nini. Nikamwambia tunagombana. Akasema, "Alhamdulillahi, baba."

Uimbaji wenyewe ulikuwa Jumamosi moja baada ya alasiri, kwenye ukumbi mdogo wa hoteli karibu na ufukwe. Mke wangu alivaa baibui mpya na kujifukiza udi. Tulikaa nyuma kidogo, kati ya vijana wa chuo na watu waliotoka Dar es Salaam na magari yao. Nilitazama watu wakati ule wimbo wa mlango unaimbwa. Mwanamume mmoja wa makamo mbele yetu alivua miwani akaishika tu. Nilikuwa nimeuita matusi ule wimbo.

Kisha msichana akasema anayefuata ni wimbo wa kijana ambaye yeye hakumjua, lakini anaamini wangekutana wangegombana. Watu wakacheka. Kibwagizo chake kilikuwa hivi:

*Rudi basi, uje ubishe,*
*hata kwa jambo usilolijua.*
*Nyumba imekubali kila kitu,*
*na hatujazoea kukubaliwa.*

Aliimba chai iliyobaki kikombeni, aliimba saa ya msikiti, na alipofika kwenye kandambili akasema moja ya bluu. Mke wangu akasema, si kwa kunong'ona, "Ya kijani."

Watu wakageuka. Msichana hakusimamisha gitaa. Akaimba palepale, kwa sauti ileile, kwamba mama mtu anasema ilikuwa ya kijani, na wimbo huu ni wake, basi iwe ya kijani. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mke wangu akaniinamia. "Na ua hakulitaja," akasema.

Nililia tena, na safari hii hakuna aliyenishika bega kunisifu. Sitaki kudanganya kwamba nyimbo zimetumalizia msiba. Siku nyingine mke wangu anaamka bila neno, nami najua ni siku hiyo. Ila sasa nakaa karibu, namwuliza amemkumbukia nini, na mara nyingi ni jambo la kuudhi kweli kweli.

Jioni ile tulirudi kwa miguu kupitia mji wa zamani. Karibu na nyumbani tukakutana na jirani yetu, mwanamke aliyekuwa mkekani siku ya maziko, yule aliyeniitikia kweli, baba.

"Mmetoka wapi mmependeza hivyo?" akauliza.

"Tumetoka kumsikiliza mwanangu akisengenywa," mke wangu akasema.

Jirani akanitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa ya kucheka. "Akisengenywa na nani?"

"Na mimi. Na huyu hapa. Njoo nikuambie." Akanipa mkoba wake niushike, akaanza tangu mwanzo, na yule mwenzake akawa anasema, hata mimi nakumbuka, aliwahi kunibishia bei ya mananasi yake mwenyewe, akaipunguza.

Nilisimama na mkoba. Adhana ya magharibi ikatoka. Nikasema naenda kuswali, na mke wangu akanipungia mkono bila kugeuka, kama anayefukuza kuku. Nilipotoka msikitini walikuwa bado pale, na mwanamke wa tatu ameongezeka. Nikawapita kando, nikaenda kuwasha taa na kupasha kiporo mwenyewe.